Jiwe Lililongojea Jina

Kwanza niseme kwamba Caren hakuwa akitafuta kitu chochote angani. Kuna watu wa mtandaoni walioandika kuwa tangu utotoni alikuwa akitazama nyota na kuota makubwa. Waliandika uongo, na mimi niliyekaa naye mlango kwa mlango hapa Magunga sitanyamaza. Utotoni Caren alikuwa akianika omena, dagaa wa ziwani. Nyota alizitazama kama sisi sote tunavyozitazama, yaani akitoka nje kwenda chooni.

Mimi nina agroveti. Nauza dawa ya kupe, chumvi ya ng'ombe na chanjo za kuku. Jina langu ni Dorine, lakini kwa kuwa hapa nimeolewa, wananiita Nyar Asumbi, binti wa Asumbi, ili nisije nikasahau kwamba nilikuja. Ukuta mmoja unanitenganisha na Caren, na ukuta wenyewe ni mabati, kwa hiyo mambo yake mengi nayajua bila kuuliza.

Caren ana saiba. Ana kompyuta chache, printa yenye hasira, na viti ambavyo havifanani hata viwili. Watu huja na shida zao za serikali, lakini kazi inayomlisha ni programu za mazishi, vile vijitabu vya ratiba vyenye picha ya marehemu. Watu wa huku hufa bila kupiga picha nzuri. Familia huleta picha ya marehemu akiwa kwenye harusi ya mtu, nusu ya uso imezibwa na bega la jirani, chupa mkononi. Caren humtoa marehemu kwenye kundi, huiondoa chupa, humvisha suti ya kijivu iliyo ndani ya kompyuta yake, kisha hufuta vumbi la picha doa baada ya doa mpaka uso unatakata. Nusu ya wanaume waliozikwa sehemu hizi wameondoka na suti ile ile, na hakuna hata mmoja aliyelalamika. Kazi hiyo ndiyo iliyomfundisha kuona doa dogo na kujua kama ni vumbi au ni kitu.

Mambo ya anga yaliletwa na mwalimu Maurice, anayefundisha fizikia katika shule moja ya wasichana hapa karibu. Intaneti ya shule ilikuwa imekufa, naye alikuwa ameingiza klabu yake ya sayansi katika mradi fulani wa ng'ambo. Huko kuna darubini kubwa juu ya mlima, kwenye visiwa vya Hawaii, inayopiga picha za anga nyingi kuliko watu wa kuzitazama. Kwa hiyo picha hugawiwa watu wa kujitolea dunia nzima. Unapewa picha nne za kipande kimoja cha anga, zilizopigwa kwa kuachana muda mfupi, na kompyuta inazipitisha moja baada ya nyingine upesi upesi. Nyota zinabaki pale pale. Ukiona kidoa kinachosogea kwa mstari ulionyooka, picha hadi picha, hicho huenda kikawa asteroidi: jiwe linalolizunguka jua kama sisi tunavyolizunguka, ila halina mtu wa kulisifu.

Mwalimu alikuja na wasichana wake wakajaa saibani. Walitazama kwa bidii, wakachoka, wakaanza kuulizia chipsi. Caren alikuwa nyuma ya kaunta akimvisha mtu suti. Akanyoosha shingo.

"Mwalimu, na hiyo hapo kwa kona? Si inatembea?"

Mwalimu akainama, akatazama, akasema kweli inatembea. Wakaituma. Jibu lilirudi kwamba jiwe hilo linajulikana tangu zamani na lina mwenyewe. Mtu mwingine angeachia hapo. Caren alikasirika. Tangu siku hiyo, kila mradi ulipogawa picha mpya, aliziomba pamoja na mwalimu, akazitazama mchana wa jua kali, saa ambazo wateja wamekimbilia vivulini. Alipata mawe ya watu, vumbi la darubini, na mara moja setilaiti. Na mchana mmoja alipata jiwe ambalo halikuwa na mwenyewe.

Usidhani siku hiyo kulipigwa vigelegele. Kuligundua jiwe kama hilo ni kama posa ya kwetu, haina haraka. Kwanza wataalamu walilitafuta tena wakaliona. Kisha wakalipa utambulisho wa muda, mchanganyiko wa tarakimu na herufi unaofanana na namba ya pikipiki. Halafu ni kungoja. Jiwe linazunguka, linapotea katika mwanga wa jua, linatokea tena, linapimwa tena. Mpaka njia yake ijulikane bila shaka yoyote, ndipo hupewa namba ya kudumu, na lenye namba ndilo linaloweza kupewa jina. Caren aliliona jiwe hilo akiwa mwembamba na hajaolewa. Namba ilipotoka alikuwa mke wa Gisiri, Mkuria wa Kehancha anayenunua na kuuza ng'ombe, na walikuwa na watoto wawili wa shule.

Sifa za jiwe lenyewe Caren alizijua kuliko sifa za mumewe. Liko katika ukanda mkuu wa asteroidi, kati ya Mirihi na Jupita, upande wa nje kabisa. Upana wake unakadiriwa kama mwendo wa mtu anayetoka dukani kwangu kwenda kuteka maji mtoni na kuchoka. Ni jeusi, linameza karibu mwanga wote linalopewa, na hubakiza kidogo tu wa kuonekana nao. Rangi yake inaonyesha kwamba ni la aina ya mawe ya kale yenye kaboni, ambayo yalikuwepo kabla ya dunia hii kumaliza kujijenga. Halitatugonga. Hilo nililiuliza mimi.

Mwenye kuligundua jiwe hupewa miaka kumi ya kupendekeza jina, na kamati ya wanaastronomia hulipima. Mwalimu Maurice, ambaye alikuwa mwenziwe katika ugunduzi, alisema Caren ndiye aliyeliona kwanza, basi achague yeye. Soko zima likamsaidia kuchagua. Wengine walitaka mheshimiwa fulani. Caren akawasomea kanuni: mwanasiasa hawezi kupewa jiwe mpaka iishe miaka mia moja tangu afe. Watu wa Magunga wakasema muda huo ni mfupi. Gisiri alipendekeza jina la fahali wake, fahali mwenye heshima kote Kehancha, akaambiwa majina ya mifugo hayatakiwi. Alinuna akaenda mnadani. Mimi nilipendekeza duka langu. Biashara nazo zimekatazwa.

Kumbe Caren alikuwa na jina siku zote, na hakulisema kwa sababu halikuwa lake kulitoa.

Alikuwa na kaka mmoja, Levis Ojwando. Levis hakuwa mvuvi. Alikuwa fundi wa injini za boti, na siku aliyopotea alitoka kwenda ziwani kuijaribu injini aliyoitengeneza mwenyewe. Upepo ukageuka. Boti ilipatikana. Injini ilipatikana, na ilipowashwa ikawaka. Levis hakupatikana. Watu walimtafuta mpaka wakaishiwa pa kutafuta, na mama yake, Phelesia, alikuwa ufuoni wakati wote huo akitazama maji.

Kwetu mtu asipopatikana, haachwi bila kaburi. Huletwa tunda la yago, lile refu zito linaloning'inia mtini kwa kamba yake, likavikwa nguo na kuzikwa badala ya mtu. Levis alizikwa hivyo. Programu ya mazishi aliitengeneza Caren, na huyo peke yake ndiye ambaye hakumvisha suti. Alimwacha na fulana yake ya gereji. Phelesia alisimama kando ya kaburi, na alipoondoka hakugeuka.

Baada ya hapo kilichobaki ni ndoto. Kwetu jina la mfu halichukuliwi tu kama kikombe kabatini. Mwenyewe huja ndotoni akaliomba, kisha akapewa mtoto. Levis alimjia shangazi yake. Alimjia jirani ambaye hawakuwa wakisalimiana. Hata mimi alinijia mara moja, akiulizia dawa ya kupe, na hakuwa na ng'ombe. Kwa mama yake hakuja, si mwaka ule wala mwaka mwingine wowote. Caren alipojifungua mtoto wa pili aliomba amwite Ojwando. Phelesia alikataa. Mtu aliyechukuliwa na maji, ambaye hajaja kuomba, jina lake halibandikwi mtoto mchanga. Na Levis hakuacha mtoto wake mwenyewe. Jina likabaki hivyo, halina wa kuliitikia.

Hilo ndilo lililomkaa Caren rohoni. Alitaka jina la kaka yake liwe mahali fulani. Na alitaka mama yake alitoe kwa mdomo wake.

Tulikwenda watatu kwa Phelesia, nyumbani kwake karibu na ziwa: Caren, mimi kama shahidi, na Gisiri aliyekuja kwa heshima. Heshima yenyewe ni kwamba mkwe haingii ovyo nyumbani kwa mama mkwe, kwa hiyo aliwekewa kiti nje karibu na mlango. Kwa ajili yake, asiyejua lugha yetu, tulizungumza Kiswahili.

"Mama, nimekuja kuomba jina," Caren alisema.

"Ya nani?"

"Ya Levis."

Phelesia akamtazama tumboni. "Uko na mimba?"

"Hapana, mama. Ni ya jiwe."

Phelesia akanigeukia mimi, kama mtu aliyeletewa mgonjwa na anataka kujua ameanza lini. Nikamwambia amsikilize mtoto wake. Caren akaeleza, na akaeleza vizuri, maana mambo hayo alikuwa ameyarudia dukani mara nyingi mpaka na mimi nikaweza kuyasema.

"Sasa hiyo jiwe iko wapi?"

"Mbali sana, mama. Ukipita Mirihi, kabla ufike Jupita."

"Huko ni baridi?"

"Ni baridi sana."

"Iko peke yake?"

"Mawe ni mengi, lakini yameachana. Haiwezi kuona ingine."

"Ni ya rangi gani?"

"Nyeusi. Kama makaa."

Nilimwona Phelesia anafikiria, na mtu anayefikiria hajakataa. Caren angekunywa chai yake akatulia. Lakini alikuwa na sifa moja ya jiwe aliyoipenda kuliko zote, ile inayowafanya wanasayansi wayafuate mawe hayo kwa vyombo vya angani, na hakuweza kuizuia.

"Na, mama, mawe ya aina hiyo mara nyingi huwa na maji ndani."

Hata kuku aliyekuwa uani nadhani alisimama.

"Maji," Phelesia alisema.

"Si maji hivyo, mama, ni..."

"Mimi ziwa ilichukua mtoto haikunirudishia. Nikaambiwa nizike tunda, nikazika tunda. Sasa wewe unakuja kuniambia niite mtoto yangu jiwe, na hiyo jiwe iko na maji. Ooyo, nyathina. Hapana, mtoto yangu. Na yeye mwenyewe hajakuja kwangu kuomba. Amekuja kwa kila mtu."

Gisiri, ambaye ni mtu mwema, aliona aokoe jahazi. Akasema kutoka nje, "Mama, wahenga walisema jina jema hung'ara gizani."

"Wewe kaa tu hapo nje," Phelesia alimjibu.

Tukarudi Magunga. Njiani nilimkasirikia Caren kwa kutaja maji, nikamkasirikia Phelesia kwa ukaidi, na nikamkasirikia Levis kwa kuja kwangu mimi muuza dawa na kumpita mama aliyemzaa. Gisiri sikumkasirikia. Alikuwa ameshapata lake.

Mwalimu Maurice alipopata habari alishauri jambo la busara, yaani la busara ya watu wasio na mama mkali. Alisema jina litumwe tu. Majarida ya wanaastronomia hayafiki ziwani, Phelesia hatajua kamwe.

"Mwalimu, hiyo jina si yangu," Caren alimwambia. "Ni yake. Hana kitu ingine ya Levis."

Hakutuma. Akarudi kwenye programu zake za mazishi. Alivisha watu suti, akafuta madoa, na picha za anga zilipokuja akazitazama, lakini niliona hanyooshi shingo tena. Watu wa soko walisahau. Jiwe liliendelea na safari yake, maana halikuwa linatungoja sisi. Mimi nilihesabu moyoni kwamba Phelesia ni mzee na miaka kumi si mingi, nikaogopa, na sikumwambia mtu.

Kisha siku moja ya soko Phelesia aliingia dukani kwangu. Akaomba chanjo ya kuku. Nikamtolea kwenye friji, nikamfungia na barafu, nikamwambia asikae nayo juani. Akaipokea, lakini hakuondoka. Alikuwa anatazama ukuta wa mabati.

"Nyar Asumbi. Hiyo mashine yake inaweza kuonyesha?"

"Inaweza."

"Twende."

Saibani kulikuwa na mzee mmoja aliyeleta picha ya marehemu ndugu yake. Caren alipomwona mama yake mlangoni alisimama, akapangusa kiti ambacho hakikuwa na vumbi. Phelesia akaketi mbele ya kompyuta, chanjo mapajani.

"Nionyeshe."

Caren akazifungua zile picha nne za siku ile. Kwenye mashine yake anga huwa jeupe na nyota huwa nyeusi, ili macho yasichoke. Phelesia akaona karatasi iliyomwagikiwa pilipili manga, hakuona zaidi. Caren akaweka kidole kwenye kioo. Picha ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Kisha ya kwanza tena. Kidoa kikaondoka kushoto, kikapiga hatua ndogo ndogo sawasawa, kikafika mwisho wake, kikawa tena pale kilipoanzia.

"Ni hii?"

"Ndiyo hiyo."

Phelesia akatazama mpaka yule mzee mwenye picha akaanza kutazama naye.

"Anatembea," Phelesia alisema. Kidoa kikapita tena, akasema, "Anaenda, halafu anarudi."

Hapo alikuwa amekosea, maana ni kompyuta iliyokuwa inaanza picha upya. Nilifungua mdomo niseme mimi ndiyo, Caren asipate taabu ya kusema uongo. Caren aliniwahi.

"Hapo ni picha ndio zinaanza tena, mama. Lakini hata kwa ukweli anarudi. Anazunguka jua. Inachukua miaka tano na kitu, halafu anapita pale pale."

"Pale pale?"

"Pale pale. Hajawahi kosa."

"Na nyinyi mnajua njia yake?"

"Wanaijua yote. Ndiyo maana alipewa namba. Kama njia haijulikani hawakupatii namba, kwa sababu unaweza kupotea."

"Na huyu?"

"Huyu hawezi kupotea, mama. Siku yoyote ukiuliza ako wapi, wanakuambia."

Phelesia akafunika mdomo kwa mkono, kama anayezuia kupiga chafya. Alikuwa ametazama ziwa zima bila kuona kitu kinachosogea, na sote mle ndani tulijua, hata yule mzee, maana hapa hakuna asiyejua. Nilitaka kulia. Nikakumbuka nimeacha duka wazi, lakini sikutoka.

"Na ile maji yake?" aliuliza.

"Imeshikana na jiwe, mama. Hata ukisaga haitoki tone. Haiwezi kuzamisha mtu."

"Ungeanza na hiyo."

"Ningeanza na hiyo," Caren alikubali.

Kwetu mtoto mchanga akilia bila kuwa na njaa wala homa, wakubwa hukaa naye wakamtajia majina ya waliotangulia, moja moja, polepole. Penye jina atakaponyamaza, hilo ndilo lake. Phelesia aliisogelea kompyuta. Akataja jina la baba mkwe wake. Akangoja. Akataja la ndugu yake baba mkwe, akangoja. Akataja la mumewe, na la shemeji aliyekufa kijana. Yule mzee alivua kofia. Kisha Phelesia akataja, kwa sauti ya mtu anayemwita mwanawe aje kula, "Levis Ojwando."

Kidoa kikatembea, kikafika mwisho, kikaanza tena.

"Mama," Caren alisema, na uso wake ulikuwa umelowa wote, "jiwe hailii."

"Najua hailii. Nimezaa, najua kitu inalia."

Akainuka, akaikagua chanjo yake kama bado ina ubaridi, akaiweka kwapani.

"Andika," alisema. "Kama hataki, atakuja kunikataza. Na akija kunikataza, nitakuwa nimemwona."